Mstari wangu una R² ya 0.95, mbona kwa watu wapya unakosea hivi?

#1 NuktaTano (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Najifunza regresheni ya mstari, na nimeamua kukokotoa kwa kalamu kwanza kabla ya kuiachia kompyuta. Nimechukua wanafunzi watano, saa wanazojisomea kwa wiki na alama zao za mtihani (kati ya 100):

saa 2 → alama 50
saa 3 → alama 52
saa 5 → alama 62
saa 6 → alama 70
saa 9 → alama 76

Wastani wa saa ni 5, wa alama ni 62. Kwa kila mtu nimezidisha umbali wa saa zake kutoka kwenye wastani na umbali wa alama zake, jumla ikaja 120. Miraba ya umbali wa saa jumla yake 30. Kwa hiyo mteremko ni 120/30 = 4, na mstari ni: alama = 42 + 4 × saa. R², yaani sehemu ya tofauti za alama inayoelezwa na mstari, ni 0.95. Nikafurahi.

Halafu nikautumia kwa watano wengine wa kundi la pili:

saa 1: nilitabiri 46, kapata 53
saa 2: nilitabiri 50, kapata 55
saa 8: nilitabiri 74, kapata 70
saa 9: nilitabiri 78, kapata 71
saa 10: nilitabiri 82, kapata 76

Kwa hawa R² imeshuka hadi 0.59. Ila kinachonisumbua zaidi si ukubwa wa makosa, ni mpangilio wake. Niliowatabiria chini wote wamepata zaidi, niliowatabiria juu wote wamepata pungufu. Kwa nini?

#2 Kipimo
Watu watano, mkuu. Jibu ndilo hilo, tusizungushane.

#3 MasalioYote
Hesabu zako nimezirudia, ziko sawa. Masalio yako, yaani alama halisi ukitoa alama za mstari, ni 0, −2, 0, 4, −2. Jumla yake sifuri, kama inavyotakiwa. Miraba yake 24, na miraba ya alama kutoka kwenye wastani 504, kwa hiyo 1 − 24/504 = 0.952.

Sasa fanya jambo moja. Mtoe yule wa saa 9, chora mstari upya kwa wanne waliobaki. Utapata alama = 38.5 + 5 × saa. Mrudishe umtabirie: 83.5. Yeye kapata 76. Kwenye mstari wako wa kwanza alikuwa amekosewa kwa alama 2, lakini mstari usiomjua unamkosea kwa 7.5. Ulikuwa unaupima mstari kwa watu walewale waliouchora, na huyu mmoja aliye mbali na wenzake alikuwa ameuvuta kuelekea kwake. R² ya 0.95 inasema mstari umewakaa vizuri hao watano. Kuhusu mtu wa sita haijasema kitu.

#4 Zawadi_K
Hiyo inaitwa kukariri data. Modeli imekariri badala ya kuelewa. Punguza vigeu.

#5 MasalioYote
@Zawadi_K apunguze kigeu gani wakati anacho kimoja tu? Kukariri hakutegemei wingi wa vigeu peke yake, kunategemea vigeu kwa idadi ya watu. Anakadiria namba mbili (42 na 4) kwa watu watano, wamebaki watatu wa kumwambia kelele, yaani kuyumba kwa alama kusikoelezwa na saa, ni kubwa kiasi gani. Ndiyo maana kwenye kukadiria kelele unagawa 24 kwa 3, si kwa 5: 24/3 = 8, kipeuo cha pili chake 2.83.

#6 Zawadi_K
Sawa, nimekupata. Lakini jina la ugonjwa ni lilelile 🙂

#7 Mwl_Pembetatu
Mnazunguka mbali. Hili jambo lina umri wa zaidi ya karne. Francis Galton, 1886, alichukua urefu wa watoto wazima 928 wa jozi 205 za wazazi. Urefu wa wanawake wote akauzidisha kwa 1.08 ili walingane na wanaume, halafu akalinganisha wazazi na watoto. Wazazi waliozidi wastani kwa inchi moja, watoto wao walizidi kwa takriban theluthi mbili za inchi tu. Waliokuwa juu sana watoto walishuka, waliokuwa chini sana watoto walipanda. Kurudi kwenye wastani. Ndicho kilekile anachokiona mleta uzi. Nyuma yake hakuna siri nyingine.

#8 Bi_Wastani
Mwalimu, kwa heshima, hapo sikubaliani. Hadithi ya Galton ni ya kweli na namba zako ziko sawa. Lakini kule kurudi kwenye wastani kumo NDANI ya mstari tayari. Mteremko wa Galton ulikuwa theluthi mbili badala ya moja kwa sababu hiyo hiyo. Ukiuchora mstari wa alama juu ya saa kwa data ya kutosha, ukautumia kwa watu wapya wa aina ileile, makosa hayatakiwi kuwa na mwelekeo. Aliyetabiriwa 82 atapata kwa wastani 82. Kama watu wake wapya wanarudi kwenye wastani zaidi ya mstari ulivyosema, maana yake mteremko wa 4 ni mkali kupita kiasi, na swali la mleta uzi linabaki palepale: ukali huo umetoka wapi?

Hata nimeuchora mstari wa hao watano wapya peke yao. Mteremko wao ni 2.46, si 4.

#9 Mwl_Pembetatu
Nimekuelewa Bi, na hoja yako ni ya haki. Ila kurudi kwa ziada nako ni kurudi.

#10 Saa_Ngapi
Swali kwa mleta uzi kabla hatujaendelea: hizo saa zilipimwaje? Kundi la kwanza na la pili kwa njia moja?

#11 NuktaTano (mleta uzi)
Kundi la kwanza ni kutoka kwenye daftari la chumba cha kujisomea, wanasaini kuingia na kutoka. Kundi la pili niliwauliza wenyewe kwa mdomo.

#12 Saa_Ngapi
Basi umejijibu. Mtu ukimuuliza alisoma saa ngapi anakisia, na wengine wanajipaka mafuta. Wamezidisha saa zao, ndiyo maana alama hazifiki ulikotabiri.

#13 Bi_Wastani
Taratibu hapo. Kama wote wangezidisha kwa kiasi kilekile, tuseme saa mbili kila mmoja, mstari ungehama wote upande mmoja na utabiri ungezidi kwa kila mtu. Data haisemi hivyo. Wastani wa utabiri wake ni 66, wastani wa alama walizopata ni 65. Karibu sawa kabisa. Kilichobadilika ni mteremko.

Kinachoweza kulaza mteremko ni kukisia ovyo, huyu juu, yule chini, bila mpangilio. Kelele ikiingia kwenye x (hapa ni saa) mteremko unapungua, na unapungua kwa uwiano wa tofauti za kweli kwa tofauti zote zinazoonekana. Kutoka 4 kwenda 2.46 ni uwiano wa takriban 0.61. Yaani ingebidi karibu asilimia 39 ya tofauti za saa alizoandika kundi la pili iwe ni kelele ya kukisia. Kwa mtu anayeulizwa kwa mdomo haishindikani, ila ni kelele nyingi.

#14 Zawadi_K
Kwa hiyo kelele kwenye x ni sumu siku zote?

#15 Bi_Wastani
Hapana, na watu wengi wanajikwaa hapa. Kama unataka kujua saa moja ya ziada inaleta alama ngapi hasa, kelele kwenye x inakupotosha. Lakini kama unataka kutabiri tu, na watu wapya utawapima kwa njia ileile yenye kelele ileile, mstari uliolala ndio unaofaa. Shida ya mleta uzi ni kwamba alijifunza kwa daftari akatabiri kwa mdomo.

#16 Kipimo
Narudi. Mmeandika sana na hakuna aliyehesabu jambo la kwanza la kuhesabu. Kelele ni 2.83. Watu watano ukitoa namba mbili zilizokadiriwa, digrii za uhuru 3, na namba ya t (kizidishio cha kupanua ukanda pale data ni chache) kwa asilimia 95 ni 3.18. Ukanda wa utabiri kwa mtu mpya:

saa 1: 46, jumlisha au toa 11.8
saa 2: 50 ± 11.0
saa 8: 74 ± 11.0
saa 9: 78 ± 11.8
saa 10: 82 ± 12.8

Makosa yake ni 7, 5, 4, 7 na 6. YOTE yako ndani ya ukanda, tena mbali na kingo. Mteremko wenyewe, ukanda wake wa asilimia 95 unaanzia 2.36 hadi 5.64. Hiyo 2.46 ya Bi_Wastani imo ndani. Mnatafuta mchawi wakati mstari ulisema tangu mwanzo kwamba haujui.

#17 NuktaTano (mleta uzi)
Mkuu Kipimo, hii ya ukanda sikuwa nimeifikia. Ahsante. Lakini bado: makosa matano yote yamejipanga, wa chini juu na wa juu chini. Kelele ya kawaida ingejipanga hivyo?

#18 Kipimo
Ingejipanga. Makosa hayo hayako huru kila moja kivyake, yote yametoka kwenye mstari MMOJA. Mteremko ukikosewa kidogo kwa bahati ya watu watano wa mwanzo, kila mtu mpya aliye kushoto atakosewa upande mmoja na kila aliye kulia upande mwingine. Unaona ushahidi mara tano, kumbe ni ushahidi wa mara moja.

#19 MasalioYote
Post #18 ni ya kuchapa na kubandika ukutani. Watu wanahesabu makosa ya utabiri kana kwamba ni kura.

Naongeza kwa mleta uzi: usiutupe mstari. Kama ungewatabiria wote wastani wa zamani, 62, miraba ya makosa ingekuwa 471. Kwa mstari wako imekuwa 175. Umekosea, lakini umekosea kidogo kuliko mtu asiye na mstari.

#20 Ramli_Hapana
Nimesoma uzi wote. Hakuna aliyeuliza hao watano wa KWANZA walipatikanaje. Ulichagua mwenyewe?

#21 NuktaTano (mleta uzi)
Nilipewa na mwalimu wa darasa. Nilimwomba anipe mchanganyiko, akanipa wawili wanaofanya vibaya, mmoja wa kati, na wawili wanaofanya vizuri.

#22 Ramli_Hapana
Hapo hapo. Amechagua kwa kuangalia ALAMA. Ukichagua watu kwa y (hapa ni alama), ukachukua wa juu na wa chini, unanasa wale ambao bahati yao iliwasukuma upande uleule: waliosoma sana na siku ya mtihani ikawaendea vizuri, waliosoma kidogo na siku ikawa mbaya. Mteremko unavimba, R² nayo inavimba. Ukichagua kwa x ni habari nyingine. Hata ukichukua wenye saa nyingi na wenye saa chache tu, R² itapanda lakini mteremko haupotoki.

Na uchaguzi wa data unaweza kuua watu. Januari 1986, usiku wa kabla ya chombo cha Challenger kurushwa, wahandisi walijadili kama baridi inaharibu pete za mpira kwenye roketi za pembeni. Mjadala ukaelemea safari ambazo pete zilikuwa zimeharibika, na kwenye hizo peke yake uhusiano na joto hauonekani vizuri. Ukiziweka na safari ambazo pete hazikudhurika, unaona karibu zote zilikuwa siku za joto. Isitoshe, siku ya kurusha hali ya hewa ilikuwa karibu na nyuzi sifuri za Selsiasi, wakati safari ya baridi kuliko zote kabla yake ilikuwa kama nyuzi 12. Walikufa watu saba. Walioomba safari iahirishwe walikuwepo, na data ya kuwaunga mkono ilikuwepo.

#23 Saa_Ngapi
Hii imenigusa. Na inarudi kwa mleta uzi pia: saa 1 na saa 10 hazikuwemo kwenye data yake, yeye alikuwa na 2 hadi 9. Mstari ukiusukuma nje ya ulipozaliwa unasema chochote. Weka saa 20 uone: 42 + 80 = alama 122 kati ya 100.

#24 Kipimo
@Saa_Ngapi mfano wa 20 ni mzuri, lakini 1 na 10 ziko hatua moja tu nje, hazielezi chochote hapa. Wa saa 2, 8 na 9 wako ndani na wamekosewa kwa mtindo uleule.

#25 Mwl_Pembetatu
Huenda mstari wenyewe umepinda. Alama haziwezi kupita 100, na saa ya kumi haileti faida kama saa ya pili. Mkunjo wa namna hiyo ukiulazimisha kuwa mstari ulionyooka, juu utatabiri kupita kiasi.

#26 MasalioYote
Mwalimu, juu ni kweli. Lakini mkunjo wa namna hiyo unazama pande ZOTE mbili chini ya mstari ulionyooka. Wa saa 1 na 2 wangetakiwa nao wapate pungufu ya utabiri, na wao wamepata zaidi. Mkunjo hauelezi nusu ya chini.

Nimewaunganisha wote kumi: mstari mpya ni alama = 47.43 + 2.92 × saa. Nimechora masalio yake kufuata saa. Kuanzia saa 1 yanakwenda kama +3, halafu −3 na +2, −4, 0, +5, −1, +2 na −3, −1. Sioni upinde. Na kwa watu kumi ningeshangaa kuuona. Ila kuchora ni lazima, mleta uzi, usiishie kwenye namba. Mwaka 1973 Anscombe alitengeneza seti nne za nukta 11. Zote wastani wa x ni 9, wa y ni 7.5, mstari ni 3 + 0.5x, R² ni 0.67. Ukizichora, moja ni wingu la kawaida, moja ni mkunjo mtupu, moja ni mstari safi wenye nukta moja iliyotoroka, na ya mwisho nukta kumi zina x moja na mteremko wote umeshikiliwa na nukta moja iliyo mbali. Yule wako wa saa 9 ana ka-undugu na huyo wa mwisho.

#27 Kalamu2
Samahani kuingilia, mimi ni mgeni. Kwa nini miraba? Kwa nini tusijumlishe tu ukubwa wa makosa bila kupiga mraba? Na ni kweli Gauss ndiye aliyebuni?

#28 Zawadi_K
Karibu. Ndiyo, Gauss, 1801, alipotafuta ile sayari ndogo Ceres iliyopotea.

#29 Mwl_Pembetatu
Tuweke sawa. Piazzi aliiona Ceres Januari 1, 1801, ikapotea nyuma ya mwanga wa jua, Gauss akakokotoa ingekuwa wapi, na mwisho wa mwaka ikaonekana karibu na alipotaja. Lakini wa kwanza kuchapisha njia ya miraba midogo kabisa ni Legendre, 1805. Gauss alichapisha 1809 akadai ameitumia tangu 1795, Legendre akakasirika sana. Na kujumlisha ukubwa wa makosa bila mraba, alilouliza Kalamu2, ni jambo la zamani zaidi. Boscovich alilifanya mwaka 1757.

#30 Bi_Wastani
Kwa nini miraba: hesabu yake ina jibu moja la moja kwa moja, kama alivyoona mleta uzi, 120 kwa 30. Tena kama makosa yana wastani wa sifuri, mtawanyiko mmoja na hayahusiani, hakuna kikadirio cha mstari kisicho na upendeleo (kisichoelemea upande mmoja) chenye mtawanyiko mdogo zaidi. Wala hakihitaji kelele iwe na umbo la kengele, watu wanalisema sana hilo na si kweli. Umbo la kengele linahitajika kwenye ule ukanda wa t wa Kipimo, hasa kwa watu watano. Bei yake ni kwamba nukta iliyopotea mbali inauvuta mstari kwa nguvu ya mraba.

#31 Saa_Ngapi
Na mleta uzi, usije ukamwambia mwanafunzi "ongeza saa moja upate alama 4". Mstari unasema wenye saa nyingi WANA alama nyingi. Anayependa somo anasoma zaidi na anafaulu zaidi kwa sababu anazozijua mwenyewe. Kutabiri unaruhusiwa, kuahidi hapana.

#32 NuktaTano (mleta uzi)
Wakuu, nimeelimika. Naomba kuuliza: kwa sasa nitumie 4, au 2.92, au 2.46?

#33 Kipimo
2.92. Data zote, mstari mmoja.

#34 Ramli_Hapana
Mimi nakataa. Watano wa kwanza wamechaguliwa kwa alama, watano wa pili saa zao ni za kukisia. Ukizichanganya unapata wastani wa matatizo mawili. Kama wa kutabiriwa wataulizwa kwa mdomo, 2.46 iko karibu zaidi na kazi yenyewe.

#35 Kipimo
2.46 ya watu watano tena? Tumerudi post #2.

#36 Bi_Wastani
Njia ya tatu ipo: chukua mteremko ukaupunguze kidogo kwa makusudi kuelekea sifuri. Hoerl na Kennard walilipeleka hilo kwenye regresheni mwaka 1970. Unakubali upendeleo kidogo ili upate mtawanyiko mdogo, na kwenye kutabiri mara nyingi unafaidika. Ila kiasi cha kupunguza unakichagua kwa kuwaficha watu na kuwatabiria, kama MasalioYote alivyofanya na yule wa saa 9, na kwa watu kumi hilo nalo litayumba.

Bora upate darasa zima. Usichague mtu, saa zote zitoke kwenye daftari. Kwa wanafunzi 40 wenye mtawanyiko wa saa kama wa kundi lako la kwanza na kelele ya alama 3 hivi, kosa sanifu la mteremko (kiasi mteremko unavyoyumba kwa bahati) litashuka hadi karibu 0.2. Hapo 4 na 2.5 zitajitenga zenyewe.

#37 NuktaTano (mleta uzi)
Daftari lipo la muhula mzima, nitaliomba. Nitawagawa kwa bahati nasibu, sehemu nichoree mstari, sehemu niifunge nisiiguse mpaka mwisho. Nitaleta namba hapahapa.

#38 Ramli_Hapana
Wasiosaini daftari kabisa utawaandika saa sifuri au utawaacha nje? Amua hilo kabla hujaona alama zao.

#39 Saa_Ngapi
Swali zuri. Wapo wanaosomea nyumbani na wanafaulu kuliko wote. Ukiwaandika sifuri utaulaza mteremko wewe mwenyewe.

#40 Kipimo
Na ukiwaacha nje, mstari utakuwa wa wanaosaini daftari tu. Uandike hivyo juu ya karatasi.